Kofia Iliyoliwa na Tupa

Ndugu zangu, tamaa ya kujionyesha haibishi hodi kwa kishindo. Muulizeni Hilaro, mwoka mikate wa Ostia, bandari ya Roma ya kale.

Asubuhi moja nyumba yake ilinukia mkate wa moto. Mkewe, Thalusa, alizipanga sarafu ishirini za dhahabu kitambaani huku akiimba. Wote wawili walikuwa watumwa zamani, wakaachiwa huru. Mwana wao Antero alikuwa bado mtumwa wa tajiri wa mafuta ya zeituni. Ishirini zile ndizo bei yake. Miaka kumi na mmoja Thalusa alichagua sarafu za sura moja tu: huku kichwa cha Kaisari, huku mungu wa kike wa Uhuru, mkononi, karibu na ukingo wa sarafu, ameshika kofia anayovishwa mtumwa siku ya kuachiwa.

Wimbo ukakatika. "Baba Antero, mbona kofia hazipo?"

Hilaro akaficha mkono nyuma.

"Hebu nione. Pete! Ya dhahabu!"

"Nilipiga tupa ukingoni kidogo tu, mke wangu. Vumbi la dhahabu nikampa sonara anifulie pete, nikamlipa mikate. Majirani wananiita mtumwa wa jana..."

"Pete ya mabwana wakubwa, sisi tulioachiwa huru tumekatazwa, hata barabarani huthubutu kuivaa! Umeila kofia ya mwanangu, Hilaro!"

"Dhahabu ni dhahabu. Watazipokea."

Thubutu! Kule sokoni msimamizi wa tajiri hakuhesabu, alipima. Mizani ikakataa.

"Mzee mzima unazinyoa sarafu kama ndevu? Chukua zako, rudi mwakani."

Antero alikuwa kando, amebeba mtungi. Macho yalimjaa machozi. Hilaro aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze. Pete ilikuwa bado kidoleni, mkono ameuficha ndani ya nguo. Kuitoa ni kuchekwa na soko zima. Kuificha ni kumwacha mwana utumwani.

Akaivuta. Ikagoma.

"Baba, lete kidole," Antero akasema, akakipaka mafuta ya mtungini.

Pete ikateleza, ikaangukia kwenye mizani. Mizani ikatulia sawasawa.

"Lo! Kumbe tulikuwa na bwana mkubwa!" watu wakaangua kicheko.

"Chekeni," Hilaro akajibu, analia. "Mwanangu anakwenda nyumbani."

Siku hiyohiyo Antero alinyolewa kichwa, kama ilivyo desturi ya anayeachiwa huru, akavishwa kofia. Thalusa aliishika kwa mikono miwili, hakutaka kuiachia.

FUNZO

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Wewe baba unayemega cha watoto upate kuonekana mtu mbele ya majirani, rudisha leo, hata wakikucheka. Kicheko cha soko huisha jioni.