Uji wa Waithira

Uji katika kikombe cha pili ulikuwa umepungua. Magdaline alitazama mlango uliofungwa kwa komeo, akajiambia ni panya. Panya gani huyo, anayekunywa uji bila kumwaga hata tone mezani? Lakini mtu anayeishi peke yake hujiambia mengi, kwa kuwa hana wa kumbishia.

Alikuwa fundi wa nguo, mwanamke wa makamo, amepanga chumba mtaa wa Majengo, mjini Nyeri. Miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza dhidi ya Mau Mau, wakiwa wasichana, yeye na dadake Waithira walilazimishwa kuchimba handaki kuzunguka kijiji. Ukingo ukaporomoka. Waithira akafunikwa, askari wakaamuru kazi iendelee, na jioni watu wakarudishwa kijijini bila yeye. Uhuru ulikuja, bendera ikapandishwa, na Magdaline bado akawa anaamka akikohoa udongo usiokuwepo.

Ndipo akaenda kwa Daktari Madhuben, Mhindi mzaliwa wa Nyeri, aliyesomea ng'ambo kutibu watu kwa mazungumzo, akakodi chumba juu ya duka la vitambaa. Watu walicheka: daktari gani asiye na sindano? Siku ya kwanza alimwagiza Magdaline aweke kiti kitupu mbele yake nyumbani, amwone Waithira amekaa pale, amwambie yote ambayo hakupata kumwambia. Magdaline aliongea, akalia, akalala usingizi mtamu. Balaa ni ule uji aliomwekea mgeni wake.

"Kwa nini ulimpa uji, Mama?" Madhuben aliuliza kwa sauti ya chini alipoletewa habari. "Mimi nilisema ongea tu."

"Sasa daktari, mtu akae kwangu mikono mitupu? Ati nimuongeleshe tu, na ametoka mbali hivyo?"

Madhuben alitazama rafu yake. Vitabu vyake havikuwa na habari za uji. "Mwambie kwaheri," akasema. "Mwambie aende apumzike."

Jirani wangesema ni jini. Magdaline alimjua kwa jina. Jioni hiyo, ukungu wa Julai ukiteremka mlimani, harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani, si ya mvua bali ya shimo, kisha jembe likasikika chini ya sakafu, likichimba, likipumzika, likichimba tena, karibu zaidi kila mara, mpaka miguu ya kile kiti ikatikisika na mto wake ukabonyea kama unavyobonyea mtu anapokaa, na Magdaline akanong'ona, "Waithira, enda sasa. Enda upumzike, dada."

Jembe likanyamaza. Harufu ikatoweka. Alikuwa amepona.

Hakuna aliyemtayarisha kwa kimya kile. Alikula bila kusema neno. Jumapili alitoka kanisani na hakuna aliyemwuliza hali. Upweke ulimuuma kuliko hofu ilivyowahi kumuuma, na hilo hakumwambia daktari. Jioni alifungua dirisha, akaita ukunguni.

"Waithira! Rudi, tafadhali. Niko peke yangu."

Kikohozi kilimjibu. Kisha kingine nyuma yake, na kingine, vifua vya wanawake vikitafuta pumzi, mpaka njia yote ya Majengo, hadi usipoweza kuona, ikawa inakohoa.

"Nimekuja, Magda," sauti ya dadake ilisema, imejaa udongo. "Lakini hawa wa handakini pia hakuna mtu amewahi kuwaita. Tuingie?"

Magdaline aliuendea mlango. Kisha akaondoa komeo.

"Karibuni," alisema. "Karibuni nyote."