Midomo ya Elinipa

Kila asubuhi kabla ya shule, Elinipa alikata majani ya ng'ombe shambani kwao, kwenye mteremko wa Mlima Meru, huku akiimba. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyeongoza nyimbo katika kwaya ya watoto ya usharika wao. Sauti alijaliwa kwelikweli. Shida ni kwamba alilijua hilo.

Mwaka huo wa 2003, kila kwaya ilitaka kutoa kanda ya video. Najim, mpiga picha za harusi kutoka Sombetini mjini, aliwaletea jambo jipya: waimbaji waonekane wakienda polepole, lakini midomo yao ifuatane na wimbo.

"Siku ya kupiga picha nitaupiga wimbo mliokwisha kurekodi kwa mwendo maradufu," alieleza. "Nanyi mtaimba mbiombio. Nikipunguza mwendo wa picha kwa nusu, midomo itarudi sawa na wimbo wa kawaida. Sijawahi kujaribu, ila naamini itawezekana."

Akawaachia kaseti ya mwendo huo. Wiki nzima wenzake walifanya mazoezi nyumbani kwa Mwalimu Anaeli, kiongozi wa kwaya. Elinipa hakwenda hata siku moja. "Wimbo ninaoujua kama jina langu, mazoezi ya nini?" alijisemea.

Jumamosi ikafika. Wimbo ulitoka mbio, sauti nyembamba kama za vifaranga. Kufikia ubeti wake wa peke yake, maneno yakamponyoka Elinipa. Akawa anafumbua na kufumba mdomo ovyo, tabasamu usoni. Hakuna aliyegundua. Walimpigia hata makofi!

Jumatatu jioni, yeye na Mwalimu walishuka mjini kutazama kazi. Kwenye kompyuta ya Najim majoho yalipepea taratibu na migomba ikayumba kwa madaha, ila kwaya ilikuwa mbali na midomo yao haikuonekana vizuri. Kisha ukaja uso wa Elinipa, umejaa kioo kizima. Wimbo ulikwenda zake, midomo ikitafuna hewa.

Najim alirudia mara tatu, kisha akashusha pumzi.

"Nisamehe, Mwalimu. Nimekosea hesabu. Wapiga picha wenzangu walinicheka wakisema haiwezekani, kumbe walikuwa sahihi. Tupige upya kwa mtindo wa zamani."

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Ya Elinipa ilikuwa ndefu bado, maana hakuna aliyemshuku. Angenyamaza, mambo yangeisha. Lakini alipomwona Najim akianza kuzima kompyuta kinyonge, aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Kaka Najim, hukukosea. Ni mimi. Sikufanya mazoezi, nikawa nachezesha mdomo tu."

Najim aligeuka, akacheka kwa furaha. Mwalimu hakucheka.

"Kesho utawaambia wenzako hivyohivyo," alisema.

Elinipa aliwaambia, akaomba radhi. Wiki iliyofuata aliimba na ile kaseti kila jioni mpaka ulimi ukachoka. Walipopiga picha upya, kila neno lilikaa mahali pake, na kwaya nzima ikashangilia.

"Sauti ulipewa bure, Elinipa," Mwalimu Anaeli alimwambia. "Bidii hakuna atakayekupa, unaitafuta mwenyewe. Lakini mimi sijivunii video hii kama ninavyojivunia Jumatatu ile, uliposema kweli na hakuna aliyekuwa amekuuliza."