Aavjo, Nasma

Mtaa wa Kongo mchana ule ulikuwa haupitiki. Nasma, ndani ya dera lake la zambarau, alikuwa anajipenyeza katikati ya wamachinga aliposikia gitaa likijaribiwa ndani ya duka la vyombo vya muziki. Uzi wa tatu ulikuwa umekazwa kupita kiasi. Dar nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akikaza hivyo.

Akaingia.

"Uzi wa tatu umekaza."

Keyur akainua kichwa. Alikuwa ameota mvi, na sasa alivaa miwani. "Miaka tisa, Nasma, na bado unanikosoa?"

Waliwahi kuwa bendi ya Kelele Ruksa, vijana wanne waliopiga roki katika mji unaotaka kukata mauno. Watu walicheka kwanza, kisha wakajaa, Tanga, Moshi, mpaka Mombasa. Nasma aliimba pekupeku, na Keyur alimtazama yeye badala ya kutazama vidole vyake. Halafu kumbi zikaanza kupwaya. Theophil, mpiga dramu, akahamia bendi ya harusi. Mpiga besi akaenda Muscat. Onyesho la mwisho lilikuwa na watu kumi na mmoja, wahudumu wakiwemo. Yalikuwa maisha matamu mno, jamani, na yaliisha vibaya.

"Mama yako, Mama Shobhana, hajambo?"

"Hajambo. Kila siku ananiuliza, mwimbaji wetu yuko wapi?"

"Si ungemwambia ulimfukuza? Baada ya onyesho la mwisho ulinipandisha bajaji ukaniaga, basi. Hata hukunishika mkono."

"Mimi? Sikukuaga!"

"Ulisema aavjo. Mama yako alikuwa akiniambia hivyo mlangoni kwenu kila tukimaliza mazoezi. Kigujarati hicho nakijua, usinifanye mjinga."

Keyur akalaza gitaa mezani. "Nasma, mpenzi wangu. Aavjo maana yake njoo. Njoo tena. Kwetu mgeni haambiwi aende." Akavua miwani. "Bendi ilikufa, nikataka wewe ubaki. Kila Jumamosi nilipandisha viti viwili kule juu ya paa letu, Upanga, nikikungoja. Mwaka mzima."

"Na simu je? Au ulikuwa umekatika vidole?"

"Nilidhani umenikataa. Niliona aibu."

Nasma akacheka huku machozi yanamtoka. "Miezi yote ile nalia, kumbe naitwa! Umeoa?"

"Nimeoa duka. Wewe?"

Nasma alitoa simu, akapiga palepale mbele yake.

"Mama, shikamoo. Jumapili tupike wali wa nazi na maharage. Nyama usiweke kabisa. Nina mgeni, hali nyama."

Mama akapiga ukelele uliosikika mpaka kaunta: "Yule wa gitaa?"

"Huyohuyo, mama."

Akarudisha simu mkobani, akajifunga ushungi vizuri, akasimama mlangoni.

"Aavjo, Keyur."

"Ya kwaheri, au ya njoo?"

"Wewe njoo tu. Na huo uzi usiulegeze."