Aliyepunguza Mkia wa Ndege

Kitendawili! Kichwa kiko mbele, lakini wa nyuma asiye na macho ndiye anayekinyoosha. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimekwenda Nachingwea, nimekula, nimeshiba: ni mkia wa ndege. Na mkia huo nusura uvunje posa.

— Samia, kijana Yunusi wa Nambambo unamfahamu?

Mjomba Masoudi aliuliza mbele ya washenga, uani kwao Nandagala. Kwetu binti akijibu "namfahamu", posa imepita. Kumpenda, Samia anampenda, hata jina lake hulitaja polepole. Lakini aliinama.

— Mjomba, naomba niende nyuma mara moja.

Nyuma ya jiko akapiga simu. Yunusi alikuwa Nachingwea na wanachuo wenzao. Kesho wanarusha kindege chao cha kupulizia dawa mikorosho. Mabawa kachora yeye, mkia kachora Samia, yote kwenye kompyuta; na asubuhi hiyo Samia alifungua mchoro wake akakuta mkia umepungua.

— Yunusi, nani kapunguza mkia wangu?

— Mimi. Ndege ilikuwa nzito nyuma, nikaona nikusaidie.

— Bila kuniuliza? Na washenga nao umewaleta bila kuniuliza!

— Si ndiyo mila? Posa huanzia kwa mjomba.

— Basi muoe mjomba!

Akakata. Mara ujumbe wa Fauzia, kiongozi wao, ukaingia kwenye kundi: "Tumejaribu kwenye kompyuta. Mkia mdogo, pua inatangatanga. Samia, kazi yako anapewa mwingine."

Machozi yakamlengalenga. Mchoro una jina lake. Yunusi akinyamaza, nani atajua?

Simu ikalia. Yunusi, kundini humo humo, wote wanasoma: "Fauzia, kosa ni langu. Nilifungua kazi ya Samia nikapunguza mkia bila ruhusa. Nimeurudisha wa kwake, jaribuni. Uzito tutasogeza betri mbele."

Fauzia akajaribu tena, akaandika: "Imetulia kama maji mtungini. Samia, nisamehe. Mkia ni wako."

Ukaingia ujumbe mwingine wa Yunusi, kwa Samia peke yake: "Nilipaswa kuanzia kwako. Unanitaka? Ukikataa, washenga warudi, sitanuna."

— We mtoto! — mjomba akaita. — Wageni hawa tuwape kuku au tuwape njia?

Samia akafuta macho, akajifunga kanga vizuri, akarudi kupiga magoti mkekani.

— Jana nilimjua jina tu. Leo namfahamu, mjomba.