Sauti ya Gad Hewani

Redio ilikuwa haijawashwa Belyse alipoisikia ikikohoa.

"Umesikia, dada Rispah?"

"Ni nyaya tu. Zimezeeka."

Rispah, Mkenya wa mwaka wa mwisho, ndiye aliyemwingiza kwenye klabu ya redio ya chuo kikuu, hapo Sydney. Belyse hakuwa na leseni bado, hivyo alizungumza hewani Rispah, mwenye leseni, akiwa kando yake. Jumamosi ile mchana, katika chumba kisicho na dirisha juu kabisa ya jengo, aliita yeyote anayemsikia ajibu. Hakujibiwa.

"Nakwenda kunyoosha antena kwenye paa," Rispah akasema. "Sikiliza tu, mdogo wangu. Usijibu mtu mpaka nirudi."

Mlango ulipojifunga, chumba kilijaa harufu ya turubai lililolowa, harufu ya kambi ya wakimbizi alikokulia. Kisha, katika vipokea sauti masikioni mwake, sauti ya kijana ikamwita.

"Belyse. Nimekusikia."

Ilikuwa sauti ya Gad. Gad, kaka yake, walimzika Kigoma kabla ya kuja Australia.

"Gad?" akanong'ona, na kidole chake kilikuwa kimebonyeza kitufe cha kuzungumzia.

"Ahsante kwa kuniitikia," ile sauti ikasema, ikacheka, na kicheko hakikuwa cha Gad.

Belyse akavua vipokea sauti akavitupa, lakini ile sauti ikabaki sikioni mwake, akazima redio na taa yake ikaendelea kuwaka, akakimbilia mlangoni akazungusha kitasa mpaka kiganja kikachubuka na mlango usisogee, akasikia viatu vya Rispah vikishuka ngazi, akafungua kinywa kumwita kwa nguvu zake zote, na ukelele wake ukatokea nyuma yake, ndani ya spika, mwembamba na wa mbali.

"Huku kuna giza," kikamnong'oneza hicho kitu. "Nimechoka nako. Nipishe."

Rispah akaufungua mlango kwa mkono mmoja.

"Mbona umesimama hapa? Umepata mtu?"

"Hapana, dada," akajibu msichana mwenye uso wa Belyse. "Twende. Mama ananingoja nyumbani Ingleburn."

Kutoka gizani Belyse aliwaona wote wawili, wadogo, kama kupitia tundu la sindano. Akalia, akalitaja jina la Rispah, akamwomba kwa jina la Yesu.

Rispah akageuka. Akaitazama redio, akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Leo kelele zimezidi," akasema, akapunguza sauti ya redio mpaka ikafa kabisa.

Kisha akazima taa.