Maji ya Umulkheir

Mwaka ule wa themanini na nne, ng'ombe walikufa mpaka tukaacha kuwahesabu. Jioni moja Ebla wa mtaa wa Wabera alikuwa anarudi nyumbani, jua likizama, ndoo ameifunika kwa shuka. Alitoka kumwosha jirani yake Umulkheir, aliyekufa bila mtoto. Mama Abiba, mwosha maiti mkubwa, alimwambia maji yaliyobaki ayamwage shimoni yote. Ebla akaitikia. Lakini nusu ndoo ya maji safi, mwaka ule... nani angemwaga?

Nyumbani kulikuwa na ua la Umulkheir, lile la kutambaa, linaning'inia dirishani ndani ya kopo la mafuta. Alimwachia Ebla alipozidiwa na ugonjwa. Alimwonyesha jinsi ya kupangusa vumbi kwenye majani, akamkataza kukata kikonyo cha zamani, maana hutoa maua tena palepale. Mwezi mzima lilikuwa limenyauka.

Ebla akalimiminia yale maji.

Siku ya tatu likachanua. Vinyota vyeupe, vinang'aa kama nta. Lakini ile harufu... karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu. Na tawi lake moja refu lilikuwa limeacha dirisha, limefuata ukuta, linaelekea kitanda cha Nimo, binti yake wa miaka minne.

Akalirudisha dirishani. Jioni alilikuta kitandani, limejizungusha kwenye kidole cha mtoto.

Ebla akachukua kisu, akakata. Utomvu mweupe kama maziwa ukatoka, taratibu... taratibu. Nimo, macho yamefungwa, akanong'ona:

"Hooyo... mama, unanikata."

Ebla alikimbia kwa Abiba bila viatu, mtoto mgongoni, anachemka kwa homa. Yule mama akamnusa Nimo nywele. Kisha akauliza, chini kwa chini:

"Yale maji ulimwaga wapi?"

"Kwenye ua lake," Ebla akasema.

"Haya. Umulkheir alitamani mtoto miaka yote, na wewe umemkaribisha ndani, tena kwa maji yake. Sasa nywesha hilo ua, binti yangu. Siku likikauka, utaniita nije na ndoo yangu."

Ebla akarudi, akamlaza mtoto. Mtungini kulibaki kikombe kimoja tu. Midomo ya Nimo imepasuka kwa kiu, na dirishani majani yameanza kujikunja. Akasimama katikati ya chumba, kikombe mkononi.

Akamimina kwenye kopo.

Nyuma yake, kitandani...

Nimo akameza.