Kikohozi katika Nyumba ya Bibi Garside

Kisa hiki kilimpata rafiki yangu, Lodi Ambrose Thirlby, mwenye kumiliki nusu ya mashamba ya bonde letu na mbunge wa chama cha Konsavativu. Majira yale ya baridi alikuwa amemfukuza mpangaji wake mjane, Bibi Garside, kwa kuwa mwanawe aliwapigia kura wapinzani. Wiki mbili hazikuisha, mjane akafia katika nyumba ya kuhifadhia maskini wasio na makao.

Mchana mmoja wa ukungu, Ambrose alikwenda na msimamizi wake, Dockray, kuipima ile nyumba tupu ili awaweke humo mbwa wake wa kuwindia. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao, na ndani ni giza totoro. Dockray alipotia ufunguo mlangoni, wakasikia mtu akikohoa mle ndani.

"Ni kondoo tu, bwana mkubwa," Dockray alinong'ona.

"Kondoo gani anakohoa hivyo? Acha upuuzi, Dockray. Kikohozi hicho nakijua."

Alikijua, maana siku ya kufukuzwa mjane alikohoa vivyo hivyo, akiomba abaki mpaka theluji iyeyuke, naye Ambrose, juu ya farasi wake, akawa anatazama saa. Sasa uso ulimwaka kwa aibu. Akavua kofia, heshima ambayo hakuwahi kumpa mpangaji yeyote, akasema mbele ya mlango, "Bibi Garside, nisamehe. Nilikukosea."

Kikohozi kikakoma. Wakasikia miguu ikijikokota hadi nyuma ya mlango. Kisha, polepole, komeo likafungwa kwa ndani.